Meno Manane ya Chupa ya Kwinini

Makambako, siku moja kabla ya safari yako

Twilumba mwanangu,

Jana ulipokuwa unapiga pasi gauni lako ulinigeukia ukasema, "Baba mdogo, niandikie habari za lile duka la dawa la Njombe, tangu lilipojengwa, nizisome njiani. Huko kwenye uuguzi wakiniuliza dawa nimezijulia wapi, niwe na la kusema." Nikakujibu kwamba nitakuandikia kitabu kizima. Leo tangu asubuhi nimekaa na kalamu, na nimekwisha inuka mara saba. Nimekwenda kutazama kama lori la Iringa limefika, na safari ni kesho. Nimepasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Darasa nililoishia unalijua, ni la pili na nusu, kwa sababu mwalimu aliona namharakisha. Lakini leo si mkono unaonisumbua.

Mambo ya kufunga sanduku kwa kamba na ya kutokaa nyuma ya lori kwenye vumbi, nimemwachia mama yako. Atakuambia, na kwa sauti anayosemea atasikika mpaka Mahongole. Mimi ngoja nianze na duka.

Pale palikuwa na kibanda cha udongo cha mtu aliyenunua ngozi za ng'ombe. Alipoondoka, harufu ilibaki. Ndipo akaja Mhindi mmoja mwembamba na masanduku kumi na moja, akabomoa kibanda akajenga kwa matofali ya kuchoma. Jina lake la kwao lilikuwa refu kama njia ya kwenda Kitulo. Sisi tulimwita Bwana Chupa, kwa sababu kila aliyeingia aliulizwa kwanza, "Chupa iko wapi?" Dawa alikuwa nayo, chupa ulikuja nayo mwenyewe.

Matofali ya jengo lile niliyabeba mimi. Nilikuwa nabeba thelathini na mawili kwa safari moja, mengine kichwani na mengine kwapani, na nilikuwa napiga mluzi. Fundi aliyewahi kusema ni kumi na mawili alikuwa na wivu, na ukuta aliojenga yeye ndio ulioingia ufa. Ukifika Njombe siku moja, tazama kona inayoelekea barabarani. Ile haijatikisika. Na mvua ikinyesha sana, sakafu bado inanuka ngozi, kwa sababu Bwana Chupa alikataa kuchimba udongo wa zamani. Alisema, "Itaisha." Haijaisha.

Jengo lilipokamilika akaweka dirishani chupa mbili za kioo, kubwa kama vibuyu vya pombe, moja ina maji mekundu, moja ya kijani. Kwao ndiyo alama ya duka la dawa. Kwetu ilikuwa alama nyingine. Siku ya pili Njombe nzima ilijua kwamba nyekundu ni damu ya watu. Mumiani amekuja. Akina mama wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, wamewafunika watoto kwa kanga. Mwezi mzima hakuingia mtu, isipokuwa mimi, nilikuwa nafagia.

Ndipo siku ya soko nikaitoa ile chupa nje. Watu walijaa, wengine wanasema walikuwa mia, mimi nasema mia nne. Nikachukua kijiko nikainywa mbele yao. Mama yako alikuwepo, ameolewa juzi tu, amesimama na beseni la njegere. Bibi mmoja wa Uwemba akaniamkia kwa Kibena, "Kamwene, Zakaria. Ukifa, hilo koti unamwachia nani?" Nikamwambia, "Nikifa nizikwe nalo, nikipona unipikie kuku." Nilipona. Ulimi ulikuwa mwekundu wiki nzima, na kuku nilipikiwa. Tangu siku ile watu wakaacha kuniita Zakaria, wakaniita Daktari.

Jina hilo nililipenda kupita mke niliyekuja kuoa baadaye, na yeye aliliona hilo, ndiyo maana alirudi kwao. Wewe mwenyewe umekua ukiniita hivyo kwa utani. Sasa nisikilize vizuri. Mtu akikuita jina kubwa kuliko kazi yako, jina halingoji. Linaanza kufanya kazi lenyewe.

Nimeinuka tena. Nimekwenda mpaka barabarani, nimesimama na wale wenye magunia. Mmoja kaniuliza, "Daktari, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Nimerudi kwenye kalamu.

Nikueleze kazi yetu. Zamani zile wengi hawakusoma, na kijiko hakikuwa katika kila nyumba. Sasa mtu atajuaje anywe kiasi gani? Bwana Chupa alikuwa akipima kimo cha dawa ndani ya chupa, anakata ukanda wa karatasi wa urefu ule ule, anaukunja, anakata kwa mkasi pembeni, akiukunjua una meno kama msumeno. Anaubandika kwa gundi ubavuni mwa chupa. Kisha anamwambia mtu, "Asubuhi jino moja, mchana jino moja, jioni jino moja." Hata kikongwe asiyejua herufi alijua kunywa mpaka kwenye jino. Nilipojifunza kukata, nilikata kuliko yeye. Naweza kusema hakukuwa na mkasi kama wangu kutoka Iringa hadi Songea.

Kwinini ilikuwa na sheria yake. Ukanda wa kwinini hukunjwa mara tatu, ukiukunjua una sehemu nane. Meno manane. Kila nilipoushika Bwana Chupa alisema bila kuinua macho, "Kwinini, kunja tatu." Aliyasema maneno hayo mpaka yakawa kama mlio wa mlango.

Na kulikuwa na jambo la pili. Mtu aliyekunywa kwinini akirudi na chupa tupu, Bwana Chupa hakumwuliza homa. Alimwuliza, "Masikio yanalia?" Wazee walikuwa wanacheka. Mkinga mmoja mpasua mbao alimjibu, "Ya kwangu hayajambo, Bwana, sijui ya kwako." Mimi nilidhani ni salamu ya Kihindi. Nikaichukua. Nikikutana na rafiki njiani namwuliza, "Masikio yanalia?" naye anajibu, "Yanacheka," tunapita. Miaka yote ile sikumwuliza yule mzee kwa nini anasema vile. Daktari hawezi kuuliza mbele ya wateja.

Hapa nilikuwa nimeanza kukuandikia habari ya simba aliyeingia stoo nikamfungulia chupa ya amonia, akapiga chafya tatu akatoka kwa adabu. Nimeandika nusu ukurasa, nimeuchana. Unaona ninavyofanya. Hadithi ile ni ya kweli, lakini si leo.

Mwanangu, juzi ilipokuja barua ya baba yako, mimi ndiye niliyekusomea. Kaka yangu Elia anasema amesikia unakwenda Dar es Salaam, na basi linasimama Morogoro, na yeye atakuja toka shamba la mkonge asimame kituoni akuone uso tu. Ukasema, "Sishuki. Mtu aliyemla mama masikio sina la kumwambia." Mama yako hakusikia, lakini aliona mdomo wako, akaitika kwa kichwa. Mimi nikaikunja ile barua nikasema, "Mtoto amekua, ana akili zake." Toka saa ile sijalala vizuri na wala sijakaa vizuri.

Unajua unavyoambiwa. Kwamba baba yako alikwenda manamba, kibarua cha mkonge, kutafuta kodi, akakaa huko hakutuma neno, mama yako akakubeba mgongoni akashuka kumtafuta, akamkuta, akaishi naye miezi kambini kwenye mbu, akarudi na homa ya mkonge, na homa ile ikamziba masikio. Yote ni kweli mpaka pale kwenye homa. Homa alirudi nayo. Masikio alirudi nayo pia, mazima. Alifika akinisikia nikimwita toka ng'ambo ya mto.

Siku zile Bwana Chupa alikuwa amekwenda Iringa kuchukua dawa. Aliniachia ufunguo na neno moja: "Zakaria, mtu wa homa akija, mpeleke misheni. Kwinini usiguse." Mama yako akaja dukani anatetemeka, meno yanagongana, wewe mgongoni unalia. Ningempeleka misheni. Lakini palikuwa na watu wawili watatu barazani, na mmoja akasema, "Una bahati wewe mwanamke, shemeji yako ndiye mwenye duka." Sikumsahihisha. Nikaingia ndani kama mwenye duka.

Nikajaza chupa toka kwenye gudulia la kwinini. Nikakata ukanda. Nikaukunja mara mbili.

Usifikiri nilisahau. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba nilisahau, haikubali. Nilisema moyoni, meno manane ni ya vibarua na wapita njia. Mtu wa nyumba ya dawa hawezi kunywa dawa ya watu wote. Wewe unajua kwetu mgeni wa heshima hapimiwi pombe ya ulanzi kwa kikombe kidogo. Nikatoka nikambandikia mbele ya watu meno manne makubwa, nikasema kwa sauti, "Shemeji, hii nimekutengenezea wewe. Wengine huwa nawapa nusu yake."

Akaniuliza, "Shemeji, haitanizidi?"

Nikamwambia, "Mimi si ndiye niliyekunywa ile nyekundu mbele yako?"

Akanywa. Chupa ikaisha upesi, nikampa ya pili. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, nikawa natembea njiani natafuta watu wa kuniuliza habari za shemeji yangu. Nilipofika nyumbani nikamkuta ameshika kichwa. Akasema, "Shemeji, masikioni mwangu kuna mzinga wa nyuki."

Masikio yanalia. Maneno yale yale, niliyokuwa nikiyatupia watu njiani kwa kicheko. Nilisimama pale, na naapa nilisikia sauti ya yule mzee. Bado palikuwa na nafasi. Ningemwambia aache. Badala yake mdomo wangu, huu uliokusimulia simba, ukasema, "Nyuki hao ni homa inatoka. Maliza chupa, wataondoka." Nikampa na ya tatu.

Zilitoka kweli zile kelele. Na sauti zote zikatoka nazo. Wewe ulikuwa unajifunza kutamka "mama" mwezi ule.

Nimekwenda nje tena. Mama yako yuko uani anamenya njegere za kesho, ameketi akielekea mlango, kama kawaida yake, apate kuona anayeingia. Akanitazama akasema kwa sauti yake ile, "Una nini leo? Kama mtu mwenye upele." Nikamwonyesha kwa mkono kwamba ni baridi. Amecheka.

Bwana Chupa aliporudi, mama yako alikwenda dukani kumshukuru kwa dawa. Mzee akamwamkia, asigeuke. Akaita tena. Kisha akaiona chupa mkononi mwake, akaichukua, akahesabu kwa kidole. Akaniita nyuma ya kabati.

"Zakaria, huu ukanda alikata nani?"

"Labda umebanduka kidogo, Bwana."

"Karatasi haibanduki kutoka nane ikawa nne."

"Basi labda ni homa. Alikuwa na homa mbaya ya mkonge, Bwana, huko wanakufa."

Hakugomba. Aliloweka kidole gumba kwa mate akaubandua ule ukanda taratibu mpaka kioo kikawa cheupe, akanirudishia chupa. Akasema, "Nenda kamwambie." Nikasema nitamwambia. Kesho yake mkasi haukuwepo mahali pake. Akaniambia, "Wewe utaosha chupa." Nikaosha chupa mpaka alipofunga duka lile akahamia hapa Makambako, kwa sababu malori yote yanapita hapa, nami nikamfuata pamoja na ninyi, nikaosha chupa za hapa, mpaka alipozeeka akarudi kwao. Kwenu nilisema nimepandishwa, nasimamia stoo. Siku anaondoka alinishika mkono akaniuliza, "Ulimwambia?" Nikasema, "Zamani sana, Bwana." Akafurahi. Hilo nalo lipo kwenye hesabu yangu.

Unaona jinsi neno "homa ya mkonge" lilivyozaliwa. Nilimwambia yeye nyuma ya kabati kwa kujikinga, kisha nikamwambia mama yako kwa vidole na midomo, kisha watu wa kanisani, na mwisho likajulikana kama jina la mtu. Baba yako alikuja mara moja tu. Wewe ulikuwa na miaka kama minne, ulijificha nyuma ya pipa. Aliposimama mlangoni akamwita mke wake, mke akawa anaendelea kupepeta. Akamgusa bega. Mama yako alipogeuka alimwambia mbele ya majirani, "Homa yako imenila masikio, na wewe unakuja na kitambaa cha gauni." Kaka yangu akanitazama mimi. Alitaka nimweleze. Mimi ndiye ndugu yake, mimi ndiye Daktari.

Nikamwambia, "Ndivyo ilivyo, kaka. Homa za kule ni kali."

Aliacha kitambaa juu ya kinu akarudi mkongeni. Alikuwa mtu wa kurudi nyumbani. Alikuja na jembe jipya pia, amelifunga gunia. Mtu anayetaka kukimbia hanunui jembe. Mimi nililitumia lile jembe misimu sita.

Sasa unajua kwa nini kitabu kinanishinda. Huko unakokwenda watakupa vitabu, na siku moja watakufikisha kwenye kwinini, na mle ndani watakuwa wameandika habari za masikio. Utakaa kitini utakumbuka nyumbani. Nimeogopa siku hiyo tangu ulipopata nafasi, na nilipokuwa nikikupongeza kwa sauti kubwa kuliko wote, ndiyo niliyokuwa nikiiogopa. Lakini hiyo ningeweza kuisubiri. Morogoro haisubiri. Basi halitasimama pale hata nusu saa, na kaka yangu atakuwa ameomba ruhusa kwa msimamizi, amevaa shati lake zuri, anatazama dirisha hadi dirisha, hajui wewe ni yupi.

Sikuambii ushuke. Nimekwisha kuwapa watu wa nyumba hii dawa nyingi nisizozijua. Nakuambia tu kwamba yule mtu hakumla mama yako masikio. Ukikataa kumwona, mkatae kwa jambo alilolifanya yeye.

Utauliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa kupoteza jina. Baadaye jina likaisha lenyewe, nikawa naogopa kuwapoteza ninyi. Nilikubeba, nikakulipia shule, nikamjengea mama yako jiko, nikawa najiambia nalipa. Lakini mtu hawezi kulipa deni ambalo mwenyewe mwenye mali hajui kama linadaiwa. Hiyo ni kama kujilisha mwenyewe na kusema umemkirimu mgeni. Na huko kazini kwako, usiku au mchana, kama hujui jambo, sema hujui, hata mbele ya watu barazani. Ni neno dogo. Mimi nilibeba matofali thelathini na mawili, hilo moja likanishinda.

Basi. Hayo ndiyo ya duka. Sasa hivi wanauza majembe na chumvi mle, na rafu zimekatwa kutengenezea benchi.

Barua hii naikunja lakini siifungi, wala siji kukupa wewe. Nampa kwanza mama yako. Anasoma vizuri, misheni walimfundisha, anapitisha kidole na midomo yake inacheza. Masikio yalikuwa yake, haifai wewe ujue kabla yake. Nitaketi mbele yake pale uani, upande wa mwanga, apate kuona mdomo wangu akitaka kuniuliza. Atakaponiuliza kama nilijua, nitasema nilijua. Sijui atafanya nini. Anaweza kuitia jikoni ikaungua, na hiyo ni haki yake. Akifanya hivyo nitakuja kukuambia kwa mdomo kabla hujapanda lori.

Lakini kama unaisoma, Twilumba, basi ni yeye aliyekupa.

Baba yako mdogo,
Zakaria